Simu ya kale au nakala: namna ya kuitambua kabla hujalipa

Ukipita kwenye maduka ya mapambo ya Kampala, au ukifungua kurasa za wauzaji wa ng'ambo wanaotuma mizigo hadi Entebbe, utakutana na simu za shaba zinazong'aa, zenye kikono cha kuzungusha au gurudumu la namba, zikisifiwa kuwa ni za mwaka 1892 au 1920. Simu za sura hiyo kwa kawaida ni nakala zilizotengenezwa kupamba sebule, hoteli na mikahawa. Kama pambo hazina ubaya. Ubaya huanza pale nakala inapouzwa kwa bei ya simu ya asili.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: usiamue chochote mpaka umeifungua simu. Nakala hutengenezwa ili itazamwe kwa nje. Simu ya asili ilitengenezwa ifanye kazi kwa miaka mingi na ifunguliwe na mafundi wa kampuni mara kwa mara, kwa hiyo ndani yake kila kitu kina namba, skrubu na nafasi ya bisibisi.

Ujue pia kwamba majibu si mawili tu. Kuna simu ya asili ambayo haijaguswa, nayo ni adimu. Kuna ya asili iliyokarabatiwa, yaani imebadilishwa waya, kinywa au gurudumu la namba. Hii ndiyo utakayoikuta zaidi, na ni halali kabisa. Kuna iliyounganishwa kutoka simu mbili tatu tofauti. Kuna nakala ya mapambo inayouzwa waziwazi. Ya mwisho ni bandia: nakala iliyozeeshwa kwa makusudi ili mnunuzi adanganyike. Bei ya kila moja ni tofauti, na kazi yako ni kujua uliyoshika ni ipi.

Vifaa vya kubeba

Beba bisibisi mbili za ncha bapa, moja ya milimita 3 na nyingine ya milimita 5 au 6, tochi, kioo cha kukuza mara 10, kalipa ya kupimia milimita, sumaku ndogo iliyofungwa uzi, mita ya umeme ya kawaida, na waya mfupi wenye vibanio. Nyumbani utahitaji glasi ya maji, chumvi na mzani wa jikoni. Bisibisi ya nyota pia ibebe, lakini ukijikuta unaihitaji kwenye simu inayodaiwa kuwa ya mwaka 1910, umeshapata nusu ya jibu: skrubu za kichwa cha nyota zilianza kuenea viwandani katika miaka ya 1930, baada ya hataza za Henry Phillips.

Mwombe mwenye mali kwa adabu: "Mzee, naomba niifungue hapa mezani mbele yako, nitaifunga tena kama ilivyokuwa." Anayeijua simu yake hukubali. Akikataa, mpe bei ya pambo au uende zako.

Miaka inayoumbua uongo

Kabla ya kugusa bisibisi, linganisha madai ya muuzaji na historia ya vifaa vyenyewe. Almon Strowger alipata hataza ya kituo cha simu kinachojiendesha mwaka 1891, na magurudumu ya kwanza ya kupigia namba yalikuja miaka michache baadaye. Kampuni ya Bell ya Marekani ilianza kutumia simu za gurudumu kwenye vituo vyake mwaka 1919. Kwa hiyo simu "ya 1892" yenye gurudumu la matundu kumi imejikana yenyewe.

Bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kemikali, ilibuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Vitufe vya kubonyeza vilifika kwa wateja wa Bell mwaka 1963, vikiwa kumi tu. Nyota (*) na alama ya reli (#) ziliongezwa mwaka 1968. Nakala nyingi zimepanga vitufe kwa duara ili kwa mbali vionekane kama gurudumu. Hesabu: ukikuta nyota na reli kwenye duara hilo, au kitufe cha kurudia namba, hakuna haja ya kuendelea.

Geuza simu uangalie chini. Alama ya CE, ya viwango vya Ulaya, ni ya miaka ya 1990 kuendelea. Namba ya usajili ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ni ya nusu ya pili ya miaka ya 1970 kuendelea. Tundu dogo la plastiki la kuchomeka waya wenye ulimi wa kubonyeza ni la zama hizohizo, ingawa simu ya asili inaweza kuwa imeongezewa tundu hilo ili itumike nyumbani. Ukilikuta, angalia kama lilikuwa sehemu ya umbo tangu kiwandani au kuna aliyetoboa tundu baadaye.

Ndani ya simu

Fungua chini. Kama kinachoonekana ni bodi ndogo ya saketi ya kijani au kahawia, waya nyembamba za rangi, na kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi ili kuongeza uzito, hiyo ni nakala. Kipande hicho kimewakosesha wengi, kwa sababu mtu hunyanyua simu, akaona ni nzito, akaridhika. Uzito wa simu ya asili hutoka kwenye kazi yake: koili, sumaku, kengele, kapasita ya mkebe wa chuma na bamba la chini.

Katika simu ya asili waya zina ngozi ya pamba au hariri, zimefungwa pamoja kwa uzi uliotiwa nta, na kila ncha ina kibati chenye umbo la uma kinachobanwa chini ya skrubu. Vituo vya skrubu vina namba au herufi. Kamba za zamani za mkono wa simu hazikutumia waya wa kawaida wa shaba. Zilitumia utepe mwembamba sana wa shaba uliozungushwa kwenye uzi wa pamba ili ukunjike maelfu ya mara bila kukatika. Ukipata ncha iliyochakaa, iangalie kwa kioo cha kukuza. Kamba mpya iliyosukwa kwa kitambaa inapatikana kwa urahisi, na ndani yake mara nyingi ni waya wa kisasa. Basi kamba mpya haihukumu simu, na kamba ya kitambaa haiithibitishi.

Kengele nayo ina mtego. Ipo nakala yenye kibakuli na nyundo halisi, na ipo yenye kibakuli cha urembo tu huku sauti ikitoka kwenye spika ndogo. Pima koili kwa mita. Katika simu za Uingereza za mfululizo wa 200 na 300, kengele ina koili mbili za omu 500 kila moja, zilizounganishwa kwa mfuatano, jumla omu 1000. Modeli 746 ilikuja na kengele ya omu 4000. Ukipata karibu na namba hizo, na koili zimezungushiwa utepe wa zamani, uko mahali pazuri. Mita ikionyesha mkato kabisa, huenda koili imeungua. Hilo ni la fundi na halihusiani na uhalisi.

Fungua kinywa cha mkono wa simu. Maikrofoni ya asili ni ya chembe za kaboni: itikise karibu na sikio utasikia chembe zikichakarika, na mita itaonyesha ukinzani unaorukaruka kila unapoitikisa. Maikrofoni ya kisasa ni kidude kidogo cha duara chenye waya mbili, hakina sauti wala hakirukiruki. Angalizo: mafundi wengi hutoa kaboni iliyoganda na kuweka maikrofoni ya kisasa ndani ya mkebe uleule ili simu isikike vizuri. Muulize muuzaji, na kama kidude cha zamani bado kipo kwenye mfuko, kidai.

Vifaa vya mwili wa simu

Sumaku ya uzi hukuambia kama shaba ni shaba. Ikinasa kwenye kile kinachoitwa shaba tupu, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Lakini usiruke kwenye hukumu, kwa maana simu nyingi za asili zilikuwa na mirija au bamba za chuma. Zaidi ya hayo, simu za kinara, yaani zile za mti uliosimama wenye kinywa juu na kisikizio kinachoning'inia kwenye ndoano, za Uingereza na Marekani kwa kawaida zilitoka kiwandani zikiwa nyeusi au zimepakwa nikeli. Kinara cha shaba inayong'aa mwili mzima ama kimevuliwa rangi yake ya asili na mtu aliyependa mng'aro, na hapo thamani imeshuka, ama ni nakala. Nyingi za nakala za shaba hutoka India, ambako mji wa Moradabad unajulikana kwa kazi ya shaba.

Kuna kipimo ambacho wenye kuzeesha simu hawana njia ya kukikwepa. Mtu anapochukua kipande cha asili, akakitia kwenye mchanga na kumimina shaba, shaba ikipoa husinyaa kwa takriban asilimia 1.5. Kipande cha milimita 200 hutoka kikiwa karibu na milimita 197. Basi ukijua vipimo sahihi vya modeli, kutoka kwa mkusanyaji mwenzako au makumbusho, kalipa itakuonyesha tofauti ambayo jicho haliioni. Nakala ya kumimina pia hupoteza ukali wa herufi: kingo huwa za mviringo, sakafu ya herufi ina vinyweleo vya mchanga. Alama ya asili iligongwa kwa muhuri wa chuma, na chuma kimejikunja kidogo pembeni mwa kila herufi.

Skrubu nazo husema. Viwanda vya Uingereza vilitumia mfumo uitwao BA: skrubu ya 2BA ina kipenyo cha milimita 4.7, ya 4BA milimita 3.6, ya 6BA milimita 2.8. Ukipima skrubu za simu ya Uingereza ukakuta milimita 5.0, 4.0 na 3.0 kila mahali, hizo ni za metriki na zimewekwa baadaye, au simu nzima ni ya baadaye. Usitumie kanuni hii kwa simu za Sweden na za bara la Ulaya, maana huko metriki ilikuwa ya kawaida tangu zamani.

Bakelaiti inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa nakala za kisasa ni za plastiki ya ABS yenye mng'aro unaofanana nayo. Gonga kwa ukucha: bakelaiti hutoa mlio mkavu, ABS hutoa mlio laini. Sugua kwa kidole gumba mpaka pawe moto, kisha nusa. Bakelaiti hutoa harufu kali ya dawa, inayokaribia karbolika. Pua zikikataa, tumia maji ya chumvi. Changanya gramu 20 za chumvi katika mililita 100 za maji, koroga mpaka iyeyuke yote. Chukua kipande kidogo kinachofunguka na kisicho na chuma, kama kifuniko cha kinywa, kitumbukize na usugue mapovu ya hewa yatoke. ABS, yenye uzito wa karibu gramu 1.05 kwa sentimita ya ujazo, itaelea. Bakelaiti, yenye karibu 1.35 hadi 1.4, itazama. Osha kipande kwa maji safi na ukikaushe mara moja, kwani chumvi ikibaki kwenye meno ya skrubu italeta kutu.

Jaribio la sindano ya moto linalopendekezwa na wengi liache. Ni kweli bakelaiti haiyeyuki, ila unaacha kovu la kudumu kwenye simu ambayo huenda ni ya mtu mwingine.

Simu za rangi ya pembe, nyekundu au kijani si za bakelaiti ile nyeusi, kwa sababu resini ya fenoli haikuweza kutoa rangi nyangavu. Zilitengenezwa kwa plastiki nyingine, na ndiyo maana haziwezi kuhukumiwa kwa harufu. Simu za rangi zilikuwa chache kuliko nyeusi na huuzwa ghali, kwa hiyo kuna watu wanaopaka rangi simu nyeusi. Fungua, uangalie upande wa ndani wa ganda: plastiki ya rangi ina rangi ileile mpaka ndani, iliyopakwa ina weusi nyuma ya tundu la skrubu.

Gurudumu la namba

Zungusha sifuri mpaka kizuizi, achia, usikilize. Gurudumu zima hurudi kwa mwendo mmoja, likitoa mibofyo kumi kwa takriban sekunde moja, kwa kuwa kipimo chake ni mibofyo 10 kwa sekunde. Mwendo huo unasimamiwa na vipande viwili vidogo vinavyotanuka kwa kasi ndani ya kikombe cha chuma nyuma ya gurudumu. Likirudi kwa kishindo bila kusimamiwa, au likikwama, huenda ni grisi ya zamani iliyokauka. Likiwa na giya za plastiki nyeupe nyuma yake, si la zama hizo.

Zisome herufi. Gurudumu la Uingereza lina MN kwenye 6, na herufi O iko kwenye sifuri. La Marekani lina MNO kwenye 6, na sifuri ina Z pamoja na neno la kumwita opereta. Simu nyeusi ya Uingereza yenye gurudumu la Marekani imeunganishwa au imeigwa. Gurudumu lenye tarakimu tu lipo pia kwenye simu za asili, kwa hiyo kukosa herufi si kasoro. Bamba la namba la zamani ni la chuma chenye enameli. Liguse kwa ukucha, ni baridi kama kikombe cha enameli cha chai. La karatasi iliyofunikwa na plastiki angavu ni la kutiliwa shaka kwenye simu inayodaiwa kuwa ya kabla ya vita.

Kikono cha kuzungusha

Simu ya kikono ni ya zama za kumwita opereta. Ndani yake mna jenereta ndogo yenye sumaku za umbo la kiatu cha farasi, tatu au zaidi. Kwenye nakala, kikono huzungusha hewa tupu, na kwenye baadhi ya visanduku vya ukutani kilibadili stesheni za redio.

Jaribio lake ni zuri kuliko yote, halina gharama na haliharibu kitu. Zungusha kikono kwa mwendo wa kawaida, kisha unganisha ncha mbili za jenereta kwa waya wenye vibanio na uzungushe tena. Jenereta nzima huwa nzito mkononi ghafla, kwa sababu umeme sasa unapita na sumaku zinaupinga mzunguko. Isipobadilika hata kidogo, hakuna jenereta, au koili imekatika, au sumaku zimechoka. Usishike ncha hizo kwa vidole wakati wa kuzungusha. Jenereta hizi hutoa makumi ya volti za umeme wa kubadilika, na wakati mwingine hukaribia 100.

Modeli mbili zinazoigwa mno

Ya kwanza ni simu ya mezani ya L. M. Ericsson ya mwaka 1892, ile yenye miguu iliyopinda ambayo watu huiita Mnara wa Eiffel. Nakala zake zimejaa duniani. Katika ile ya asili miguu ni sumaku za jenereta zenyewe: chuma kigumu kilichopindwa, kilichopakwa rangi nyeusi na michoro ya dhahabu. Sogeza pini ya chuma karibu na mguu. Ikivutwa, endelea na uchunguzi. Mguu wa shaba au aloi ya zinki hautaivuta. Hakuna gurudumu la namba, kuna kikono. Herufi za dhahabu za asili zimepauka na kukatika pale mikono ilipopita, na zimebaki kali mahali ambapo mkono haufiki. Kwenye nakala zina mng'aro uleule pote.

Ya pili ni simu ya kinara. Hapa kuna ukweli mmoja ambao watu wengi hawaujui: simu ya kinara ya asili haikuwa na kengele ndani yake. Kengele, koili ya kupandisha sauti na kapasita vilikaa kwenye kisanduku cha pembeni kilichofungwa ukutani au chini ya meza. Chini ya kinara kulikuwa na vituo vya waya na visahani vya ndoano, basi. Kinara kinacholia chenyewe kina kitu kilichoongezwa, au ni nakala tangu mwanzo. Modeli ya Uingereza iliyotumika sana, namba 150, ni ya mwaka 1924. Muuzaji wa kinara cha asili akikosa kisanduku cha kengele, hiyo ni sababu ya kupunguza bei, wala si ya kukataa mali.

Simu utakazokutana nazo Uganda

Uganda ilikuwa chini ya Uingereza hadi 1962, kwa hiyo simu za ofisi za serikali, posta, reli, misheni na mashamba zilikuwa hasa za mtindo wa Uingereza. Majina ya kutafuta ni Siemens Brothers ya Woolwich, GEC ya Coventry, Automatic Telephone Manufacturing ya Liverpool, na Ericsson Telephones ya Beeston karibu na Nottingham. Huyu Ericsson wa Beeston usimchanganye na yule wa Sweden. Alama zao ni tofauti, na wapo wauzaji wanaobandika hadithi ya Stockholm kwenye simu ya Nottingham.

Mfululizo wa 200 ulianza na modeli 162 mwaka 1929: umbo la piramidi, mkono wa simu umelala juu, na kengele ikiwa kwenye kisanduku tofauti. Mfululizo wa 300 ulikuja mwaka 1937 na modeli 332, ambayo ina kengele ndani na mara nyingi droo ndogo chini mbele ya kuwekea kadi ya namba. Modeli 706 ni ya 1959 na 746 ya 1967, nazo ni za plastiki laini zaidi.

Kwenye 332, tafuta alama hizi na uziandike kwenye daftari: namba ya modeli iliyogongwa kwenye bamba la chini, namba 164 iliyo ndani ya mpini wa mkono wa simu, upande unaogusa vidole, namba nyuma ya gurudumu, 10 au 12, na maandishi ya mkebe wa kapasita, wenye mikrofaradi 2. Karibu na alama hizo mara nyingi kuna herufi za kiwanda na mwaka kwa tarakimu mbili, kama 48 au 56. Sasa linganisha. Tofauti ya mwaka mmoja au miwili ni ya kawaida. Tofauti ya miaka kumi humaanisha simu ilipita karakana, kwa sababu Posta ya Uingereza ilikuwa na desturi ya kufungua simu zilizorudishwa, kuchanganya sehemu nzima na kuzipeleka tena kazini. Simu ya namna hiyo ni ya asili kwa kila maana, mradi muuzaji asidai kuwa haijawahi kufunguliwa. Mahali pa kusimama na kuuliza ni pale ambapo hakuna alama hata moja popote, au pale namba zote zimeandikwa kwa mwandiko mmoja mpya.

Herufi GPO, kifupi cha Posta ya Uingereza, peke yake hazithibitishi kitu. Siku hizi kuna kampuni ya Uingereza inayouza simu mpya za sura ya 746 kwa chapa ya GPO Retro, baadhi zikiwa na gurudumu linalozunguka kweli na kengele halisi. Ni bidhaa halali inayouzwa waziwazi kama mpya. Shida ni mtu wa tatu anayebandua kibandiko cha chini na kuiita ya miaka ya sitini.

Vibandiko vya taasisi za hapa vinahitaji hesabu ya miaka vilevile. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilifanya kazi chini ya Jumuiya iliyoanzishwa 1967 na kuvunjika 1977. Kabla yake kulikuwa na utawala wa pamoja wa posta na simu. UPTC, yaani Shirika la Posta na Simu la Uganda, ni ya baada ya kuvunjika huko, na Uganda Telecom ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Simu ya 1948 yenye kibandiko cha UPTC haina tatizo, kwani ilihesabiwa tena na mwenye mali mpya. Muuzaji anayesema kibandiko hicho kiliwekwa na wakoloni hajui anachouza. Karatasi mpya ya sura ya zamani huchapishwa kwa bei ndogo, kwa hiyo angalia gundi na kingo kwa kioo cha kukuza: karatasi ya zamani ina rangi ya jua upande uliokuwa wazi tu, na chini yake plastiki imebaki nyeusi zaidi kuliko pembeni.

Uzee wa kweli na uzee wa kupaka

Mkono wa binadamu huchakaza mahali palepale: katikati ya mpini, kwenye kizuizi cha gurudumu, kwenye matundu ya namba zilizopigwa sana, kwenye ndoano, na kwenye ukingo wa miguu ya mbele. Dawa ya kuzeesha huweka weusi sawasawa kila mahali, hata kwenye pembe ambazo kidole hakifiki. Kiwi ya viatu iliyosuguliwa kwenye mifereji hutoka kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya taa; jaribu ndani, mahali pasipoonekana.

Simu iliyoishi hapa kwetu ina vumbi jekundu la udongo chini ya vibakuli vya kengele na nyuma ya gurudumu, wakati mwingine na kiota cha nyigu wa udongo. Vumbi linaweza kupakwa, ndiyo maana unatoa skrubu moja ambayo haijaguswa karibuni. Chini ya kichwa chake pawe pasafi na pang'avu, na duara la vumbi liishie hasa kwenye ukingo. Kama chini ya kichwa kuna vumbi lilelile, vumbi lilitiwa kabla ya skrubu kufungwa. Kwa simu za kisanduku cha mbao, toa jenereta na utazame ubao uliokuwa nyuma yake: mbao nzima, iliyokauka, yenye alama za miguu ya jenereta. Ubao wa unga wa mbao, pini za kubana na harufu ya vanishi havikai pamoja na mwaka 1905.

Wakati wa kulipa

Piga picha za alama zote kabla ya kufunga simu. Omba risiti yenye maneno mahususi: modeli, namba zilizogongwa, mwaka unaodaiwa, sehemu zilizobadilishwa, na kauli kwamba si nakala. Risiti iliyoandikwa "simu ya kale" haikusaidii kitu siku ya kurudisha. Ukinunua mtandaoni, dai picha sita: chini, ndani, nyuma ya gurudumu, ndani ya mpini, maikrofoni na koili za kengele. Picha za nje, hata zikiwa ishirini, hazitoshi.

Kwa mizigo ya kutoka nje, elewa pia kwamba uainishaji wa forodha wa kimataifa huweka antiki za zaidi ya miaka 100 kwenye kifungu 97.06, na vifaa vya simu kwenye 85.17. Kwa hiyo 332 ya 1937, pamoja na uzee wake, bado haijafika kwenye kundi la antiki, na nakala iliyoandikwa "1892" haitafika kamwe. Mweleze wakala wako wa forodha ukweli huo kabla mzigo haujafika, ukiwa na picha za alama mkononi.

Simu ikifika nyumbani, usiichomeke kwenye soketi ya umeme wa volti 240 kwa sababu yoyote; laini ya simu iliiletea takriban volti 50 za moja kwa moja, na mkondo wa kengele ulikuwa wa kubadilika usiofikia hata nusu ya umeme wa nyumba. Sehemu zote ulizotoa, hata kamba iliyooza na kapasita iliyokufa, ziweke kwenye mfuko wenye namba ya simu yake.